Mluzi wa Gari la Kaka

Kaka yangu alipofariki kwa homa, gari lake nililirithi mimi. Lilikuwa gari dogo la zamani, alilobebea mchele kutoka Majimoto, alikokuwa akiishi na mama, kuja sokoni Mpanda, ninakofundisha. Mwanzoni lilikwenda vizuri. Kisha likaanza kutetemeka kila niliposimama na kutoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Mngurumo haukutulia, injini ilipanda na kushuka kama kifua cha mtu mwenye pumu. Mafuta yaliyokuwa yakinipeleka Majimoto na kunirudisha yakawa yananiishia njiani.

Jambo jingine nililionyeshwa na mama. Kila nilipofika nilimkuta ameshafungua geti, amesimama.

"Nimemsikia akipiga mluzi," alisema siku moja.

"Nani, mama?"

Aliligeukia gari. Nilirudi garini, nikawasha, nikasikiliza. Kweli, ndani ya ule mngurumo kulikuwa na mluzi mwembamba. Nilipokanyaga breki, ambayo nayo ilikuwa imeanza kuwa ngumu, sauti ilishuka. Juu, kisha chini. Ndivyo kaka alivyopiga mluzi akiingia uani, tangu utoto wetu.

Baadaye mama akaanza kusumbuliwa na macho, nikamchukua kumpeleka hospitali Mpanda. Tulipita mchana katika hifadhi ya wanyama iliyo njiani, vioo tumevifunga kwa sababu ya mbung'o. Tembo wakaingia barabarani mbele yetu, nikasimama. Gari likatetemeka, likapiga mluzi, na mama, kule kiti cha nyuma, akaanza kujibu kwa Kipimbwe, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama anayeongea na mtu waliyekaa naye bega kwa bega. Injini ikazimika.

Mluzi haukuzimika.

Sikuthubutu kugeuka. Niliwatazama tembo wakivuka mmoja mmoja, na mama akiendelea kuongea, mpaka wa mwisho alipomezwa na miti. Ndipo mluzi ukafifia. Gari lilikubali kuwaka kwa shida.

Tulipotoka hospitali nililipeleka moja kwa moja gereji. Fundi, mtu mzima mpole, alitoa plagi, akazitazama, akasema ni nzima. Akawasha injini, akainama, akaufuata mluzi kwa sikio, kisha akabana kwa koleo mpira mmoja mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye breki. Mluzi ukakatika papo hapo. Injini ikatulia, ikanguruma kama mpya.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi. Akasimama.

"Mbona umemnyamazisha?"

Fundi alinigeukia mimi. "Huu mpira umepasuka, dada. Injini inavuta hewa hapa, ndiyo maana inatetemeka na kula mafuta. Hata breki hupati vizuri."

"Na injini ikizimika, mluzi unaweza kuendelea?"

"Unaweza. Breki inakuwa bado inavuta hewa kidogo. Sekunde chache tu, basi."

Nikamsimulia habari ya tembo. Alifuta mikono, akaifuta tena. "Labda ni woga, ukaona muda mrefu," akasema, lakini hakunitazama.

Nilimweleza mama kwamba tukiuacha mpira ule, siku moja breki zitanikatalia. Aliinamisha kichwa.

"Mtengenezee," akamwambia fundi. "Kaka yake asije akamchukua na huyu."

Tangu siku hiyo gari limetulia, na mafuta yananitosha kwenda na kurudi. Ila mama sasa hajui nikifika, na macho yake hayajapona. Majuzi nilimkuta barazani, uso ameuelekeza barabarani. Nilipomgusa bega alishtuka, akanyoosha mkono kupapasa hewa kando yangu.

"Nyie mmekuja wangapi?"

"Peke yangu, mama."

Akaingia ndani akiushika ukuta, akatoka na sahani ya wali, akarudi kuleta nyingine. Mimi nilikula yangu. Ile ya pili aliifunika, akaiweka kwenye kiti kilichokuwa kati yetu, na mpaka naondoka hakuna aliyeigusa.