Sauti ya Wembe Jikoni

Fundi bati alibuni kikatio cha kukatia kila kitu, tunda au mboga, kwa kubadilisha wembe tu. Nyembe zake hazikuwa na mzaha, ndiyo maana alikiwekea kishikio cha mbao ili vidole visifike chini. Aliyekijaribu alikuwa mkewe, mtu wa haraka na maneno mengi. Mke akikata jikoni, mume hutega sikio karakanani, nyuma ya ukuta, na kwa mlio tu hujua kama ni karoti au tango.

Asubuhi hiyo kishikio kilikuwa kinakwama. Fundi akakichomoa akaenda kukipiga msasa karakanani, akasahau kumwambia mtu.

"Baba Mapacha, leo kinateleza kama siagi!" mkewe alipaza sauti.

Fundi akavimba kichwa. Karoti, kwaru kwaru. Tango, swaa swaa. Mkono ulizidi kasi, na mke akawa anamsema wifi yake bila kutazama chini, kama kawaida yake.

Ndipo fundi alipotazama alichokuwa anakipiga msasa. Akafungua mdomo amwite.

Upande wa pili wembe ukatoa mlio laini asioujua, na habari za wifi zikakatika katikati ya neno.