Mashine ya Kwanza Kufungwa

Teksi ilimshusha nyuma ya ukumbi, penye mapipa ya taka na wapishi wawili waliokuwa wakivuta sigara, kwa hiyo Mama Nywila aliingia kwenye mkutano wa usalama wa mitandao kupitia jikoni. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Hilo lilimchekesha na kumuudhi pia, maana jengo zima lilijaa watu ambao kazi yao ni kulinda milango.

Jina hilo alipewa na wenzake wa hospitalini, anakotunza kompyuta, kwa jinsi anavyowaandama wabadilishe nywila zao, yale maneno ya siri ya kufungulia kompyuta. Mwezi uliopita wezi wa mtandaoni walizifunga kompyuta hizo, wakataka walipwe ndipo wazifungue. Hawakulipwa. Mama Nywila alirudisha kila kitu kutoka kwenye nakala za akiba, akakonda mpaka mumewe akaanza kumpikia. Lakini walipitia wapi? Hakujua. Mkurugenzi alikuwa na jibu lake tayari: binti wa mapokezi alifungua barua pepe ya ovyo, na Jumatatu angeachishwa kazi. Binti aliapa hakufungua kitu. Mama Nywila alimwamini, ila imani si ushahidi.

Ndiyo maana alifunga safari mpaka mji asioujua, kwa ajili ya kikao kimoja tu cha alasiri. Kilikuwa katika chumba kidogo chenye ndoo ya plastiki mlangoni, ya kuwekea simu. Humo ndani watu husimulia walivyoibiwa, bila kutaja jina wala mahali pa kazi. Jukwaani watu wa kazi hii hujigamba. Ukweli wao husemwa upande huu wa ndoo.

Walitazamana kama wakwe waliokutana mara ya kwanza. Hatimaye bwana mmoja mrefu akakohoa.

"Mimi natoka kwenye maji."

"Umeshavunja sharti," mtu alidakia.

"Maji yako kila mahali, ndugu yangu."

Wakacheka, na kicheko hicho kikamlegeza ulimi Mama Nywila. Akaeleza yote, mpaka habari za binti. Bwana wa maji alimsikiliza, kidevu kimeegemea kiganjani.

"Dada, mashine ya kwanza kufungwa ilikuwa ipi?"

"Ya mapokezi."

"Ya kwanza kufungwa, au ya kwanza kulalamikiwa?"

Mama Nywila akaikumbuka asubuhi ile. Mapokezi huanza kazi alfajiri, kabla ya idara nyingine zinazotumia kompyuta. Nani mwingine angepiga kelele saa hiyo?

"Na sisi tulimbana karani wa watu mpaka akaacha kazi," bwana aliendelea. "Kumbe walipitia kwa fundi wa pampu. Tulimpa akaunti ya kuingia kwenye kompyuta zetu, arekebishe mitambo akiwa hukohuko kwao. Mkataba ukaisha, akaunti ikabaki. Nyinyi hamna fundi wa namna hiyo?"

"Wa eksirei," alijibu polepole.

Walipotoka, bwana akajitolea kumwonyesha walivyomtafuta mwizi wao. Mama Nywila akarudi nyuma hatua moja.

"Nitajuaje kama wewe si mmoja wa wezi hao?"

"Ningeshangaa usingeuliza." Akamnong'oneza jina la mahali pake pa kazi. "Namba yao ya simu usiichukue kwangu. Itafute mwenyewe, upige."

Akaitafuta, akapiga, akamuulizia bwana huyo. "Yule mrefu?" sauti ya mama aliyepokea ikafoka. "Mwambie ameondoka na funguo za gari la ofisi, watu wanatembea kwa miguu!"

Bwana akapapasa mfuko wa koti. Funguo hizo hapo. Uso ukamshuka, na hapo Mama Nywila akamwamini kabisa.

Wakaketi sakafuni kwenye ukumbi wa nje, karibu na soketi, naye Mama Nywila akampigia mwenzake aliyekuwa zamu hospitalini. Bwana alisema pa kutazama, yeye akapeleka maneno. Mara mwenzake akapaza sauti.

"Mama, akaunti ya fundi wa eksirei imetumika usiku ule, na kompyuta ya eksirei ndiyo iliyofungwa kwanza. Binti alikuwa bado yuko kwao amelala."

"Ifunge."

"Nimeshaifunga."

Kisha akampigia mkurugenzi, akamweleza yote. Mama Nywila hakumpa nafasi ya kujitetea. "Ushahidi nakutumia sasa hivi, bosi. Ila binti aambiwe leo. Asikae na hofu mpaka Jumatatu."

Chakula cha jioni hakukingoja. Kulikuwa na akaunti za mafundi wengine za kukagua. Bwana wa maji, ambaye kesho yake alikuwa na zamu ya kuzungumza jukwaani, alimsindikiza barabarani.

"Sina la kukupa, kaka."

"Ningekuwa na mtu wa kuniuliza swali hilo mapema, karani wetu tungekuwa naye mpaka leo. Nenda salama, dada."

Alikuwa ameshapanda teksi na kufunga mkanda simu ilipoita. "Shikamoo, Mama," binti alisema, kisha akaangua kilio. Mama Nywila hakumharakisha. Simu ikiwa sikioni, aliinua mkono dirishani kumuaga bwana aliyebaki amesimama pale, huku yeye akimsikiliza binti akilia mpaka alipomaliza.