Mitiki Yangu ya Kuluba

Mpaka leo mtu akiniambia nilibahatika, damu inanichemka. Bahati! Walionicheka ndio wanaoiita bahati.

Wahindi walipofukuzwa, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alipewa duka la nguo mjini Arua kwa sababu tu kaka yao mkubwa alikuwa askari. Akauza vitambaa mpaka rafu zikabaki na vumbi, asinunue hata jora moja la kujaza tena. Mimi nilikuwa nauza karanga na simsim sokoni. Wakati huohuo mkulima mmoja wa Kuluba, kule Koboko, alitaka pesa ya haraka afanye magendo ya sukari, akaniuzia shamba lake la mitiki michanga kwa bei ya kutupa. Nilijua watu watajenga tu, kuwe na amani au kusiwe, na mbao ya mtiki mchwa hawaili.

Kisha bei zikashikwa na wazimu. Chumvi ya asubuhi haikuwa chumvi ya jioni. Shemeji akaja kwetu Awindiri.

"Shemeji, uza ile miti. Iko mutu anataka kuni. Tunaleta sukari toka Kongo, pesa inazaa mara moja."

"Miti haijakomaa."

"Mwanamke anajua nini ya biashara?" mume wangu akadakia, naye amevaa shati lililonunuliwa kwa karanga zangu!

Sisemi kwamba sikuogopa. Chumvi ilipopotea kabisa sokoni, nilipanda lori kwenda Kuluba, nimeshaamua kuuza. Nikakumbatia shina moja. Mwaka uliopita vidole vyangu vilikutana upande wa pili, sasa havikukutana. Huko Arua watu walikuwa wanakimbizana na bei, na miti haikuwa na habari. Nikarudi bila kuuza.

Basi nilipokwenda matangani, shemeji akapeleka mtu na shoka. Niliporudi nikapita shambani, nikamkuta ameshaangusha mstari mzima wa miti.

"Nani amekutuma kukata mali yangu?"

"Bwana ya duka amesema iko yake."

Yake! Nilimnyang'anya shoka, nikamfuata shemeji mjini nikamleta shambani. Yale magogo nilimbebesha shemeji mwenyewe mpaka kwenye lori, mbele ya watu. Visiki vikachipua.

Vita vilipotufikia mwaka wa sabini na tisa, duka la shemeji lilivunjwa na noti zake zikawa karatasi. Watu wakajazana mpakani, karibu na Kuluba, na watoto wao, hawana pa kujisitiri. Nikakata miti iliyokomaa. Wenye kitu walinunua, wajane niliwapa. Shemeji akaja kuomba nguzo.

"Umebahatika, shemeji."

"Bahati hainyweshi miche wala haipigani na shoka," nikamwambia. "Chukua nguzo, lakini hilo neno lirudishe mdomoni."

Alichukua nguzo. Neno hakulirudisha, alikwenda kulisema kwa majirani.