Kizuizi Kisicho na Mwenyewe, Namuwongo

Saa moja asubuhi, Santo Oryem anasimama katikati ya barabara ya Namuwongo, pale reli inapoikata kabla ya kupanda kuelekea Kibuli. Mkono mmoja ameinua bendera nyekundu, mwingine ameunyosha mbele kama anayesukuma mlango. Treni ya mizigo inapiga honi nyuma ya kona. Gari la kwanza linapunguza mwendo. La pili linampita pembeni, dereva akimpungia mkono kwa furaha.

"Umemwona huyo?" anauliza Oryem bila kugeuka. "Ananisalimia. Angesimama tu, salamu ningemsamehe."

Oryem ni mlinzi wa kivuko hiki cha reli. Alitoka Kitgum, kaskazini, akiwa kijana, na kazi hii ndiyo inayomlisha yeye, mkewe Anena na watoto wao watano katika chumba kimoja. Zamani alikuwa akishusha kizuizi cha chuma na magari yakasimama yenyewe. Miezi saba iliyopita lori moja la kijani, kama yale ya jeshi, lilikigonga likapita nacho.

Ofisi ya reli iliandika kwamba kimevunjwa na gari lisilojulikana.

"Mimi nalijua," anasema Oryem, kisha anaangalia upande wa pili na kuomba tuzungumze mambo mengine.

Tangu hapo amekwenda ofisini mara nyingi mpaka bawabu humfungulia kabla hajabisha. Watu wa reli wanasema kizuizi ni mali ya idara ya barabara. Watu wa barabara wanasema ni mali ya reli. Alibaki na bendera.

Treni inapokawia, madereva hushuka na kuegemea magari yao, na maneno yanaanza. Fadhul, dereva wa teksi kutoka Kibuli, hachoki kuisifu Pijo yake 404.

"Hii gari, ssebo, bwana wangu, ukiipakia watu tisa na ndizi juu, inakwenda Masaka haikohoi."

Marie-Louise, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Bukavu, anaipiga Volkswagen yake kofi la mapenzi mgongoni. "Yako inakunywa petroli kama mlevi. Hii yangu ikiharibika naitengeneza mwenyewe, na waya."

"Mercedes ndiyo gari," mwingine anadakia.

"Mercedes ni ya wenye kupita bila kuulizwa," Fadhul anasema kwa sauti ya chini, na wengine wanageukia magari yao.

Oryem huwasikiliza na kuchoka. Kila mtu ana gari analolipenda, anasema, lakini hajasikia hata mmoja akisifu breki. Tangu maduka ya spea yafungwe mjini, watu wanaunga vyuma kwa vyuma. Fadhul mwenyewe hukanyaga breki mara tatu ndipo gari lisikie.

Wiki mbili zilizopita alikanyaga, halikusikia.

Pijo iliteremka na abiria wake, ikampita Oryem na bendera yake, ikazimika magurudumu ya mbele yakiwa ndani ya reli. Treni ilikuwa imeshatoka kwenye kona. Abiria walitokea madirishani. Fadhul akabaki ndani, akizungusha ufunguo.

Oryem alikimbilia treni. Alikimbia katikati ya reli akipunga bendera na kupiga kelele za Kiacholi, lugha ya kwao, ambazo hata yeye hakuzikumbuka baadaye. Treni ilisimama karibu mno na Pijo, kiasi kwamba Fadhul alihisi joto lake kupitia dirisha.

Kabla watu hawajashusha pumzi, afisa mmoja wa jeshi alishuka kwenye Mercedes nyeusi nyuma ya msururu wa magari.

"Nani amesimamisha treni? Mmenifungia njia."

"Mimi, afande."

"Jina?"

"Oryem."

Afisa alilirudia jina hilo polepole. Jina la kaskazini, miaka hii ya watu kuchukuliwa na wanajeshi wasirudi, si la kutamkiwa hivyo. Watu waliinamisha macho. Oryem anasema aliufikiria uso wa Anena, basi.

Aliyeongea ni Marie-Louise. "Afande, kama asingeisimamisha, ungetukuta tunaokota maiti. Njia ingefungwa mpaka jioni."

Afisa alimtazama, akacheka cheko lisilo na furaha, akaamuru Pijo isukumwe. Ilisukumwa. Akaondoka.

Kesho yake Oryem aliitwa ofisini. Alidhani anaenda kushukuriwa. Alipewa onyo: amechelewesha treni bila ruhusa.

"Niliuliza, ningemwomba nani ruhusa? Reli au barabara?" anasema. "Wakaniambia nisilete mzaha."

Jumapili iliyofuata, Fadhul na Marie-Louise walikuja na nguzo ya mkaratusi. Waliichimbia mhimili kando ya barabara, wakafunga vyuma vizee vya breki upande mmoja ili iinuke kwa urahisi. Fadhul alichimba zaidi ya wote na kuongea kidogo kuliko kawaida yake. Anena alileta chai. Kufikia alasiri kizuizi kilikuwa kinapanda na kushuka, kikilia kwa ukavu.

Jumatatu asubuhi afisa wa reli alifika kwa gari. Jioni akafika wa barabara. Wote wawili walitaka kujua ni nani amejenga kitu hicho bila kibali.

Oryem anapolisimulia hili, sauti yake inapanda kwa mara ya kwanza.

"Miezi saba hakuna aliyekuja kuuliza nani amevunja. Siku moja tu, wamekuja wawili kuuliza nani amejenga."

Walimwagiza aking'oe. Aliwajibu kwa heshima kwamba atakitoa siku watakapoleta cha kwao, na kila mmoja akasema hilo litamhusu mwenzake.

Kwa hiyo kipo, upande wa Kibuli; upande huu wa pili bado ni Oryem na bendera yake. Oryem anapanga kukipaka rangi nyekundu na nyeupe akipata rangi, na kupata taa ya usiku na nguzo ya upande huu. Hataki zaidi ya hapo.

"Nataka gari lisimame hapa kwa sababu njia imefungwa," anasema, "si kwa sababu dereva ameamua leo kunionea huruma."