Mwaka Huu au Ujao

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa mauzo katika kiwanda kimoja cha Athi River, na nilitamani kusoma katika shule ya biashara ya Nairobi iliyokataa watu wengi kuliko iliowachukua. Fomu nilizipeleka kwanza kijijini kwetu Wamunyu, kwa mama. Alikuwa mwalimu mstaafu, na tangu utotoni sikuwahi kuandika jambo la maana lisilopitia kalamu yake nyekundu.

Aliisoma insha yangu ya maombi akiwa amesimama mlangoni, penye mwanga.

"Iko sawa. Peleka mwaka huu."

"Mwaitu," nikamwita, kama Wakamba tunavyomwita mama, "meneja anasema ningoje. Niko na miaka miwili tu kazini. Wanapenda watu wa miaka mitano."

"Kwani ni meneja anaenda kusoma?"

Nilicheka, lakini nikamsikiliza meneja. Ukweli ni kwamba niliogopa kukataliwa, na kungoja kulionekana busara.

Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo, nikaona si vizuri kuomba ruhusa mapema hivyo. Uliofuata, nikataka kurudia mtihani wa kuingilia ili nipate alama bora. Wakati huo mama alianza kutia chumvi kwenye chai. Tulicheka pamoja. Kisha akapotea akitoka kanisani, kwenye njia aliyoipita miaka yote, na mchonga vinyago mmoja akamleta nyumbani amemshika mkono. Hatukucheka tena.

Mwaka wangu wa tano kazini ndipo nilipotuma maombi. Nilimpelekea mama insha na kalamu. Aliigeuza karatasi, akautazama upande usioandikwa, akanirudishia kwa adabu, kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

Kwenye usaili, mzee mmoja wa jopo aliniuliza mbona nilichelewa. Nikataja miaka ya kazi. "Hiyo hatuiangalii sana," akasema.

Barua ya kukubaliwa ilipofika, nilimsomea mama uani, akichambua ndengu. Uso wake ulijaa furaha ya kweli.

"Umefanya vizuri sana, msichana. Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Mwambie nimempongeza."

"Nitamwambia, Mwaitu."

Alifariki nikiwa muhula wa pili. Nilipewa ruhusa ya wiki moja. Nilimzika, nikarudi Nairobi kufanya mtihani wa uhasibu, na nikapita vizuri.