Kamera ya Mtumba Ilikuwa Nzima

Admin, nifichie jina; haya mengine nimeyabadilisha. Humu ndani nina ndugu, nina wateja, na mume wangu naye huwa anapitia ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Mshangano hapa Songea. Nina mume na watoto watatu, na nyumbani tuna mashine ya kusaga nafaka. Mwaka jana wezi walituibia mahindi ya wateja mara mbili, tukaaibika sana. Mume wangu akasema tuweke kamera. Akaipata ya mtumba kutoka Tunduru, kwenye gesti iliyokuwa inafungwa. Ni ile ya duara, kama bakuli lililopinduliwa, inayozunguka. Ilikuja na kidude chake cha kuiendeshea, kina vitufe na kijiti cha kuigeuza huku na huku.

Mwanzoni iligoma kabisa. Picha ilikuwepo, lakini ukisukuma kijiti haisogei. Fundi Fidelis akaja, akakuta nyaya mbili zimepishana, halafu namba ya kamera haifanani na ile iliyo kwenye kidude. Akarekebisha, ikazunguka vizuri, tukafurahi.

Baada ya wiki chache nikaanza kuona kitu. Mimi naielekeza mlango wa mashine, nikitoka jikoni nakuta imegeuka yenyewe inatazama upande wa pili wa barabara. Naigeuza, inarudi. Na kila mara inaangalia palepale, uani kwa mwalimu Rehema.

Rehema ni mjane, mtu wa Tunduru, amehamia hapa kufundisha. Ni mpole na ana sauti ya chini, hata khanga ya kushindia akiivaa inampendeza. Nikamuuliza mume wangu, "Baba Joyce, hii kamera ina nini?" Akacheka. "Mtumba huo, mke wangu. Huko ndani kumechakaa. Ivumilie."

Nilivumilia, ila moyo ulikuwa unanichoma. Nikaanza kumwangalia anavyooga kabla ya kutoka, anavyochagua shati. Nikimwona Rehema anaanika nguo, najikuta namtazama kiuno, kisha naenda kujitazama mimi kwenye kioo.

Siku moja mume wangu alikwenda Namtumbo kutafuta mahindi. Nikampigia fundi aje. Akakagua umeme, akakagua nyaya, akabonyezabonyeza vitufe. Mwisho akaniambia, "Mama, kamera ni nzima. Imeambiwa ifanye hivyo. Ukiiacha bila kuigusa, inarudi mahali ilipoamriwa."

Nikasema, "Labda ni amri za huko gesti ilikotoka."

"Hapana, zile nilifuta zote siku naifunga. Hii imewekwa hapahapa." Akainamisha macho. "Niifute?"

Nikamwambia aiache.

Jumamosi iliyofuata mume wangu akaaga anakwenda mjini kununua mkanda wa mashine. Nikakaa mbele ya skrini mchana ule, sikugusa kitu. Kamera ikageuka taratibu, ikavuta picha karibu. Nikamwona mume wangu. Amekaa kwenye kigoda uani kwa Rehema, mikono ya shati ameikunja, anamenya maharage mabichi. Rehema yuko upande wa pili anasuka ukili wa mkeka. Hawajagusana. Mume wangu alisema kitu, wote wakacheka, na mimi sikusikia maana kamera haina sauti.

Jamani, ningewakuta kitandani ningejua pa kuanzia. Ndoa yetu ina miaka kumi na minne, huyu mwanaume hajawahi kunimenyea hata kitunguu. Nilipojifungua mtoto wa mwisho kwa kisu, aliyenipikia uji ni mdogo wangu.

Jioni nikamweleza yote. Hakubisha. Akasema, "Kumenya maharage nako ni dhambi?"

"Na kamera je? Mbona umeiamuru imwangalie?"

"Anaishi peke yake. Naangalia usalama wake."

"Na usalama wangu?"

Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanikosesha hamu ya kula. "Kule nikishika kitu naambiwa asante. Hapa naambiwa unga umemwagika."

Nililia mpaka kichwa kikauma. Nikaapa kwamba Rehema akikanyaga kwangu atanitambua.

Juzi akaja. Ana debe la mahindi ya kusaga, na kwenye hotpoti ameniletea wali wa nazi na samaki. Nilishafungua mdomo nimtukane. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo dada. Nimechelewa kukushukuru. Shemeji ananiambia wewe ndiye unayemtuma aje anisaidie, kwamba unasema mjane asiachwe peke yake. Tangu nimefiwa, hakuna mwanamke aliyenifikiria hivyo. Allah akulipe."

Nikaitikia, "Marahaba, mdogo wangu." Ndicho kilichotoka. Nikamsagia mahindi yake, akaondoka ananipungia mkono.

Nilitaka awe mbaya, ndugu zangu. Nilishajiandaa kumchukia. Sasa nimebaki na wivu ambao sina wa kumtupia, na mume anayetumia jina langu kuingilia uani kwa watu. Yule dada anafua, anachana nywele, anaota jua pale, hajui kama anaangaliwa. Nikimwambia, atahama kwa aibu na mtaa mzima utajua mume wangu ni mtu wa namna gani. Nikinyamaza, nitakuwa namchungulia pamoja naye. Na tena, nisiwafiche, kuna nyakati nikiwa peke yangu naiacha kamera ijirudie, nione kama yupo kule, na kama wanacheka.

Wenzangu mlio kwenye ndoa, ningekuwa dada yenu mngeniambia nini? Nivuke barabara nikamwambie Rehema, au nianze na huyu niliye naye ndani?