Nyama Mbichi kwa Mbwa wa Baba

Mbwa wetu walikula nyama mbichi, na mimi ndiye niliyewapa. Nasema hili mapema ili anayetaka kukunja uso akunje sasa, tuendelee.

Baba alikuwa na mbwa wawili, dume na jike, wembamba, masikio yamechanwachanwa na miiba. Hawakuwa mbwa wa kulinda mlango. Kazi yao ilikuwa kuwasaka nguruwe pori waliofukua mihogo yetu, na kazi hiyo iliongezeka tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, mbele kidogo ya Kitangari. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, mbali na mpaka, maana vita vya Msumbiji vilikuwa vimetusogelea na milio ya mizinga tuliisikia mchana tukitwanga. Mashamba yalibaki kulekule tulikotoka, ukingoni mwa uwanda wa juu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nguruwe walipogundua kwamba huko hakukai mtu tena, wakajifanya ndio wenye shamba.

Mwaka huohuo miguu ya Baba ikavimba, akawa hawezi kufika. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mkonge, Lindi. Basi nikachukua fimbo, nikawaita mbwa. Wanawake walinicheka kwenye foleni ya maji. Wanaume walinuna, wakasema mwanamke hawindi. Niliwajibu kwamba mwanamke hulima, na nguruwe anakula nilicholima mimi, hali minuno yao.

Katika kuwinda kulikuwa na desturi ambayo Baba hakutaka ivunjwe. Nguruwe akianguka, kabla mtu hajachukua hata kipande, tumbo hupasuliwa palepale na mbwa hupewa ini, moyo na mapafu, vibichi, vingali na joto. Sisi ni Waislamu, nyama ile hatuigusi, kwa hiyo nilikwenda na jirani yangu, mama mkimbizi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mimi nilishika fimbo, yeye alishika kisu, na nyama iliyobaki ilikuwa yake na wanawe.

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu," Baba alikuwa akiniambia. "Mbwa akiona damu yote imekwenda nyumbani kwa watu, kesho atakusindikiza tu."

Ndipo akaja bwana mifugo, kijana kutoka mikoa ya wafugaji, na baiskeli yake mpya. Mkutanoni akatangaza kwamba mbwa anayelishwa nyama mbichi hupata minyoo, huzoea damu, na mwisho huuma watoto. Kuanzia siku ile mbwa wote wafungwe kamba na walishwe ugali wa pumba uliopikwa ukaiva. Mwezi ukiisha angerudi kukagua, na mbwa atakayejulikana kwamba anakula nyama mbichi angepigwa risasi. Watu wakapiga makofi. Wengi wao hawakuwa na mbwa.

Kuhusu minyoo alisema kweli, simnyimi haki yake. Niliwahi kuiona kwa macho yangu. Lakini nguruwe hawakuhudhuria mkutano.

Kosa langu ni kwamba nilitii. Wiki tatu niliwapikia pumba kama ninayepikia wageni. Matumbo yao yakajaa, mwendo ukawa mzito. Nikiwapeleka shambani walisogea hadi kwenye kichaka, wakanusa, kisha wakarudi kuketi kwenye kivuli changu. Nguruwe wakamaliza robo ya shamba, muhogo wa miaka miwili tuliokuwa tumeuacha ardhini kwa ajili ya miezi ya njaa. Wanangu watatu na Baba hawakuwa na akiba nyingine. Nilikaa katikati ya mashimo yale nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Kesho yake nikakata kamba. Nilianza kwa kuwapa panya wa shambani tuliowachimba, ambao huku kwetu hata Waislamu huwakausha na kuwala. Niliwapa wabichi, na manyoya yao. Siku ya tano mbwa walimwangusha nguruwe mkubwa. Jirani yangu akapasua, nao wakala hadi pua zikawa nyekundu. Baada ya huyo wakaua wawili zaidi.

Mwezi ulipoisha bwana mifugo alirudi, safari hii na mgambo mwenye bunduki. Niliwaleta mbwa mbele ya ofisi ya mwenyekiti wa kijiji, Baba akaketi pembeni kwenye kigoda. Bwana mifugo akaweka sahani ya ugali wa pumba chini. Mbwa ni mbwa. Waliumaliza, wakalamba na sahani.

Habari za nguruwe wetu alikuwa amezisikia njiani, akafurahi sana. "Mnaona?" akawaambia watu. "Mbwa hawa wameua nguruwe watatu kwa ugali! Mama huyu ni mfano. Nitamtaja katika vijiji vyote mpaka Masasi."

Nilitakiwa kunyamaza tu. Baba alinitazama, akatikisa kichwa polepole kunionya nisiseme. Mbwa walikuwa wamekwisha kuiponea risasi. Lakini nikawafikiria wanawake wa vijiji hivyo vyote wakisonga pumba kwa ushahidi wangu mimi, huku mihogo yao inafukuliwa, na moyo ukakataa.

"Samahani, bwana," nikasema. "Jana walikula ini bichi. Na juzi pia. Ugali wako waliula wiki tatu, na wiki hizo nguruwe wakala shamba langu."

"Unajua unachosema, mama?"

"Najua. Kaandike hivyohivyo."

Mgambo alimchukua dume, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Ilikuwa risasi moja, nyuma ya ofisi. Alipomrudia jike, mwenyekiti akasema inatosha. Mpaka leo wapo wanaosema mdomo wangu ndio uliomponza mbwa yule. Ni kweli. Na nikirudishwa pale leo nitasema vilevile.

Nilimfungua jike, nikamwita jirani yangu, tukashuka shambani mchana uleule, watu wote wakitutazama. Nililia njia nzima, kwa sauti, wala sikuona haya. Tulipofika walikopita nguruwe, jike alisimama, akageuka nyuma. Alingoja, masikio juu, akitazama njia tuliyokuja nayo. Alingoja muda mrefu. Kisha akainamisha pua, akaingia kichakani peke yake.

Nikakaza kanga, nikaingia nyuma yake.